Kuku wa Kabula na Godoro la Winnie

Wivu wa Milembe ulianza siku mjukuu wake Winnie aliporudi shuleni na maneno ya Milembe mwenyewe mdomoni, akasema ni ya madam.

Milembe alikuwa uani anakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe. Winnie akatupa begi mlangoni, hata maji hakunywa, akaanza. "Bibi, leo madam Georgina katuandikia ubaoni, ng'ombe akitoka zizini, mkia haubaki. Yaani uamuzi na matokeo. Ukishaamua jambo, matokeo yake yanakufuata nyuma, huwezi kuyaambia yakungoje."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Maneno hayo Milembe aliyapata kwa mama yake mzazi kule Zagayu, na mama yake aliyapata kwa wa kwake, na hapa mjini Bariadi hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Alimwambia Winnie maneno hayo tangu hajaota meno ya mbele. Leo yanarudi nyumbani yamevaa viatu vya mwalimu!

"Huyo madam wako ni mtu wa wapi?" akauliza.

"Bukoba."

"Bukoba kuna ng'ombe?"

"Wapo, Bibi."

"Hm," akasema Milembe, akaendelea kukata. Hakuuliza zaidi. Milembe hakuwa mtu wa kuuliza. Kwake kuuliza kulikuwa kama kuomba chumvi: unaanza na chumvi, mwisho unaonekana huna hata sufuria.

Hebu tumseme vizuri huyu Milembe, maana wapo wanaomsema vibaya. Alizaliwa Zagayu, akaolewa Bariadi, mumewe Masalu akafa mapema akamwachia shamba la pamba na ng'ombe wachache. Shemeji zake wakaja na maneno matamu kwamba mwanamke peke yake hawezi, arudi kwao. Akawapikia ugali, wakala, wakanawa, akawaambia, "Wabeja, asanteni, mmekula. Mlango ni ule." Akabaki. Shule alisoma mpaka darasa la pili, akatolewa kwenda kuchunga. Jina lake anaweza kulisoma, na mabango ya barabarani akiyapa muda. Miwani aliyopewa hospitali aliifunga kwenye kanga, akasema macho yake ni ya kwake, hawezi kuyaazimia mengine.

Binti yake ni mmoja, Harieth. Harieth alimpata Winnie kwa kijana ambaye ng'ombe za mahari zilikuwa zinakuja, zinakuja, mpaka leo ziko njiani. Kwa Wasukuma ng'ombe wasipofika, mtoto anabaki kwao na mama yake. Harieth akaja kuolewa vizuri na mtu mwingine, Lalago, akaenda na sanduku lake. Winnie, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, akabaki mgongoni mwa Milembe. Akamwita Milembe "mama", kama watoto wote wa Kisukuma wanavyowaita bibi zao. Mzazi aliyemzaa ni "mayu", bibi ndiye "mama". Basi uani hapo ilikuwa mama, mama, kutwa nzima, na Milembe alikuwa anaitika hata akiwa amekasirika.

Alipoingia sekondari, Winnie akaanza kumwita "Bibi", Kiswahili cha mjini. Akasema shuleni ukitaja mama wanaelewa mzazi, wanakuchanganya. Milembe akasema sawa. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Alitoka kuwa mama, akashushwa akawa bibi, na sasa kaja madam.

Na madam alikuwa kila mahali. Ugali ukipikwa, madam. Nguo zikifuliwa, madam. Madam Georgina hafundishi fasihi kama wengine, Winnie alisema. Anaisimulia hadithi mpaka pale mtu wa kwenye hadithi anapotakiwa kuchagua, halafu anafunga kitabu kidole kikiwa ndani. Anasema, "Amueni." Wanafunzi wanagawanyika, hawa wanaenda ukuta huu, wale ukuta ule. Halafu kila upande unaulizwa, haya, mmeamua hivyo, nini kinafuata? Na kinachofuata hicho kinaleta nini? Mpaka mtu anajikuta amefika asikotaka kwa miguu yake mwenyewe.

"Hadithi haikatwi katikati," Milembe akasema. "Ukikata hadithi ni kama kumkata mbuzi akiwa anatembea."

"Ndiyo raha yake, Bibi! Unarudi nyumbani bado unaamua."

Zamani Winnie alikuwa anaomba hadithi wakati wa kupukuchua mahindi. Sasa haombi. Sikio lake limeshashiba mahali pengine.

Jirani yao Felisita, aliyekuwa anauza maandazi karibu na geti la shule, ndiye aliyekuwa akitia chumvi kwenye kidonda. "Mwangaluka, Milembe! Nimemwona mjukuu wako anambebea madam mkoba. Wanacheka, bega kwa bega. Ungedhani wamezaliwa tumbo moja."

"Kubeba mkoba siyo kosa."

"Mimi sijasema kosa. Nimesema tu unaweza ukapumzika sasa, mtoto kapata mama mpya."

"Felisita, maandazi yako yanaungua."

"Nimeshaipua."

"Basi ndiyo maana yananuka hivyo."

Siku moja madam akaja mwenyewe. Mwanamke mnene kidogo, wa rika la Harieth, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Akapiga magoti kabisa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu kigoda."

Alikuja kwa ajili ya bweni. Kidato cha nne wote walitakiwa walale shuleni mpaka mtihani utakapokwisha, maana wa mbali wanafika wamechoka, na jioni taa ya kusomea ipo shuleni. Wote walikuwa wameshahamia. Amebaki Winnie.

"Winnie anaweza kufika mbali sana, bibi," madam akasema. "Lakini hesabu zinamvuta chini. Jioni tungemkazania. Naomba umruhusu."

Milembe alikuwa karibu kukubali. Hili lisemwe, maana ni kweli. Alishaanza kufikiria shuka lipi ampe. Lakini madam, kwa kutaka kumfurahisha mwenyeji, akaongeza neno.

"Na kipaji cha hadithi amerithi. Nasikia mama yake ni msimulizi hodari kweli. Ule msemo wa ng'ombe na mkia tumeupata kwake, nimeuandika ubaoni, sitaki hata kuufuta."

"Mama yake?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani kasema?"

"Winnie mwenyewe, mbele ya darasa zima. Alisimama, akasema, mama ndiye husimulia."

Milembe akamtazama Winnie, aliyekuwa mbali kidogo anateka maji kwenye pipa, hasikii kitu. Kumbe! Siyo madam aliyeiba. Ni mtoto mwenyewe aliyetoa. Ng'ombe zote hizi, hadithi zote hizi, kazitoa zizini kazipeleka Lalago kwa Harieth, Harieth ambaye akisimuliwa alikuwa anakoroma kabla hata fisi hajatokea!

Angeweza kuuliza. Angeita tu, Winnie, njoo, mama gani? Jambo lingeishia hapo hapo kwenye kigoda. Lakini Milembe na kuuliza mnawajua.

"Mtoto wangu analala kwangu," akasema.

"Bibi, ni mpaka mtihani tu..."

"Huko kwenu Bukoba watoto wameisha?"

Madam akacheka kidogo, akadhani ni utani. Alipoona uso wa Milembe akaacha. Akavaa viatu vyake hapo hapo kwenye tope, akaaga.

Winnie hakulia. Ingekuwa heri angelia, Milembe angejua la kufanya. Aliuliza tu, "Kwa nini, Bibi?" Milembe akajibu, "Kwa sababu nimesema." Tangu hapo Winnie akawa anaitika "ndiyo, Bibi", "hapana, Bibi", anaondoka giza, anarudi giza, anakula akitazama sahani. Habari za madam zikakoma kabisa uani. Milembe alizitaka ziishe, na sasa zimeisha, akawa anazitafuta. Jioni moja akamwambia, "Leo nikusimulie ya kuku wa Kabula?" Winnie akasema ana hesabu.

Jumatatu, Felisita akaja mbio, kapu la maandazi kichwani halijapungua hata kidogo, kwa hiyo habari ilikuwa nzito.

"Milembe! Harieth yuko shuleni!"

"Harieth yupi?"

"Wako! Kashuka kwenye bodaboda, kitenge kipya kinanukia duka, kilemba kama cha harusi. Nikamuuliza vipi, akaniambia kapigiwa simu na madam aje asimulie hadithi darasani kwa akina Winnie. Kama mama mzazi. Sasa najiuliza, Harieth na hadithi wapi na wapi?"

Milembe akanawa mikono iliyokuwa na unga, akafunga kanga mpya juu ya kuukuu, akatoka. Felisita akamfuata mpaka geti, akabaki hapo na maandazi yake na masikio yake.

Darasa lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mti wa mkorosho. Milembe akasimama nje, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, ambapo unaona bila kuonwa. Ubaoni akaona maandishi. Akayasoma polepole: ng'ombe... akitoka... Chini yake kulikuwa na mengine madogo: mama yake Winnie. Na mbele, kwenye kiti cha mwalimu, Harieth amekaa na kilemba chake, jasho linamtoka.

Alikuwa anasimulia ya kuku wa Kabula! Hadithi ya Milembe kuliko zote.

"Basi Kabula alikuwa na kuku wake mtetea," Harieth akasema. "Kuku analala kwa Kabula, anakula mtama wa Kabula. Lakini kutaga, anakwenda kutagia kwa mke mwenza, chini ya kihenge. Mke mwenza hakumwita. Ni kwamba tu pale palikuwa na kimya, kuku akapapenda. Watu wakaanza kucheka. Wakasema, kuku wa Kabula ana nyumba mbili kama mume wa Kabula."

Darasa likaangua kicheko. Milembe nje akauma meno. Kicheko hicho kilikuwa cha kwake, kimeangukia kwenye kitenge cha mtu mwingine.

"Kabula akakasirika. Siku moja akamkuta kuku anaatamia kule chini ya kihenge. Akachukua kisu. Halafu... halafu..." Harieth akafuta jasho. "Akachukua kisu."

"Hapo hapo!" Madam akainuka, akapiga makofi. "Amueni. Wa kumchinja, ukuta wa dirishani. Wa kumwacha aatamie, ukuta wa ubaoni."

Madawati yakalia. Wengi wakaenda ubaoni. Kijana mmoja mrefu, Danford, akakimbilia dirishani. "Achinjwe, madam, tena leo bweni ni maharage!" Wakamzomea. Winnie alibaki amekaa. Halafu akainuka taratibu, akaenda dirishani, upande wa kuchinja.

Milembe akausogelea mlango. Huyo ndiye mtoto wake. Ndivyo yeye alivyosimulia miaka yote: Kabula alichinja, akapika, akala nyama na ugali wa moto, mke mwenza akabaki na mayai ya baridi. "Akakoma!" Milembe alikuwa anasema hapo, akijipiga paja. Heri hasara kuliko kuchekwa.

"Winnie," madam akasema. "Sababu?"

"Kuku ni wake. Kamlea. Ana haki."

"Haya. Nini kinafuata?"

"Alikula nyama akashiba, hakuna aliyemcheka tena."

"Na baada ya hapo?"

Winnie akachezea kifungo cha shati.

"Kesho yake kukapambazuka. Kabula akasikiliza uani. Kimya. Mtama ulimwagika, hakuna wa kuudonoa. Kule chini ya kihenge mayai yakawa viza, mke mwenza akayatupa. Kabula uani kwake akawa na kila kitu chake, hakuna mtu wa kumwibia, na hakuna kitu cha kuibiwa."

"Huo mwisho amekufundisha mama?" madam akauliza.

"Hapana. Mama anaishia kwenye nyama. Huo nimeuongeza mimi." Akakiachia kifungo. "Mama ndiye anayetuambia ng'ombe akitoka zizini mkia haubaki. Ila kwa kuku huyu tu, mkia kausahau."

Milembe nje akashika ukuta.

Madam akamgeukia Harieth. "Mama Winnie, ni kweli unaishia kwenye nyama?"

Harieth akavua kilemba, akajipepea nacho. "Madam, mimi naomba nikwambie ukweli. Mimi nyama sijawahi kufika. Nilikuwa nalala kwenye kisu. Tangu nimekaa hapa najiuliza nimeitiwa nini."

"Lakini Winnie alisema mama..."

Darasa zima likapiga kelele kwa pamoja, maana wote walikuwa watoto wa Kisukuma isipokuwa wawili watatu wa watumishi wa serikali. "Madam! Mama siyo mama! Mama ni bibi!"

"Mimi ni mayu," Harieth akasema. "Nimemzaa. Mama ni aliyenizaa mimi, na simuoni hapa."

"Yupo," Winnie akasema. Alikuwa anatazama chini ya mlango, mahali ambapo miguu ya Milembe, na vumbi lake, na kandambili zake mbili zisizofanana, ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. "Yupo tangu kwenye kihenge."

Basi Milembe akaingia. Angefanya nini? Akaingia kichwa juu kana kwamba aliitwa. Watoto wakasimama, "Shikamoo, mama!" wote, hata wale watoto wa watumishi. Akaitikia. Hakulia, kama mlitaka kusikia hivyo.

"Bibi, samahani sana," madam akasema, chaki imemjaa mikononi. "Sikujua. Karibu mbele. Utumalizie mwenyewe."

"Hadithi mchana simalizi. Msimulizi wa mchana anaota pembe." Akamtazama Harieth juu ya paji la uso. "Wewe ngoja tu."

Darasa likacheka, na safari hii kicheko kikaanguka mahali pake. Kikampoza kidogo. Kidogo tu. Maana macho yake yalikuwa yameshaona kwamba Winnie amesimama karibu na madam, siyo karibu na yeye, anafuta macho kwa kiganja, anamtazama bibi yake kama mtu anayengoja kisu kishuke au kisishuke. Ukuta ulikuwa ule, na mwingine ule. Hakuna aliyemwambia amua, lakini Milembe hakuwa mjinga.

Akaanza na alichokiweza. Akanyoosha kidole ubaoni. "Pale, futa pale chini. Andika Milembe."

Madam akafuta, akaandika. Milembe akasogea, akasoma herufi moja moja akitumia kidole, mpaka E ya mwisho. Iliposimama sawasawa, akauliza bila kugeuka.

"Hilo bweni mlango wake una komeo?"

"Unalo, mama," madam akasema.

"La ndani?"

"La ndani."

"Hm," akasema Milembe, akatoka.

Alikwenda nyumbani akafunga godoro kwa kamba ya ng'ombe. Siyo godoro la Winnie, lile lilishatoboka. La kwake. Harieth alimfuata, kilemba mkononi, anataka kusaidia.

"Mayu, nipe nibebe."

"Wewe kamata ndoo. Na usilale njiani."

Getini Felisita alikuwa bado yupo. Akaona godoro juu ya kichwa cha Milembe, mdomo ukamjaa. "Loo, Milembe! Si ulisema analala kwako? Kumbe madam kashinda!"

"Anakwenda kutaga tu," Milembe akasema bila kupunguza mwendo. "Jumamosi anarudi kula mtama wangu."

"Nini? Mtama gani?"

Milembe akampita. Mtu aliyekosa darasa atabaki hivyo hivyo na maandazi yake.

Winnie alikuwa anangoja mlangoni mwa bweni pamoja na madam. Akakimbia kidogo, akasimama, hajui kama ameruhusiwa kufurahi. "Mama," akasema, kwa Kisukuma chao, polepole. "Wabeja, mama."

"Jumamosi asubuhi, siyo mchana," Milembe akamwambia. "Na ile ya kuku, ule mkia ulioubandika, utanisimulia vizuri. Nitaona kama unafaa."

"Ndiyo, mama."

"Usipofaa naukata."

"Ndiyo, mama."

Madam Georgina akacheka, akamzungushia Winnie mkono begani. Milembe akauona ule mkono. Akauona vizuri sana, mpaka pete yake. Akasogea, akalitua godoro katikati yao.